Kigeu Huru na Ndevu za Baba

3 Februari

KARATASI YA SEBULENI, isomwe kwa sauti

Baba, shikamoo. Na wewe Dada unayesoma, shikamoo, na tafadhali usiiruke kwa kujifanya una haraka.

Mimi ni mzima. Chumba ni kile kile: kitanda, meza, na dirisha linalotazama mapipa ya taka ya bweni. Kiti kimevunjika mguu, kwa hiyo nasoma nimeegemea ukuta kama ngazi iliyosahauliwa na mafundi. Mwenzangu wa chumbani amehama. Alisema nakoroma. Nikamwambia hilo halina ushahidi, usiku ule ule akanirekodi, na sasa ushahidi upo.

Habari kubwa ni kwamba wiki iliyopita niliwasilisha pendekezo langu la utafiti mbele ya jopo. Nilivaa lile shati la bluu ambalo Baba alisema linanifanya nionekane mtu mwenye akili. Shati lilijitahidi, mimi ndiye niliyeliangusha. Nataka kuchunguza kama mwanafunzi akikaa dawati la mbele anapata alama nzuri zaidi. Basi nikasimama, nikakohoa kisomi, nikatangaza kwamba kigeu huru katika utafiti wangu ni alama, na kigeu tegemezi ni dawati. Msimamizi wangu ni mama mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Aliivua ya machoni ili anitazame vizuri. "Kwa hiyo," akasema, "utawagawia watoto alama, halafu usimame mlangoni uone watakwenda kukaa wapi?" Jopo zima likacheka. Nami nikacheka, nisiachwe nyuma.

Akanieleza taratibu. Kigeu huru ni kile unachokigeuza mwenyewe kwa makusudi: unamtoa mtoto nyuma, unamweka mbele. Kigeu tegemezi ni kile unachokaa ukikitazama, uone kama nacho kitabadilika kwa sababu ya ulichofanya: hizo alama zake. Baba ametumia maisha yake kunyoa vichwa vya watu na anajua kwamba wembe ndio unaotangulia, kipara kinafuata. Mimi nimesoma mpaka shahada ya pili na nimekitanguliza kipara. Narudi kuandika upya.

KARATASI YA JIKONI, isome peke yako

Dada, barua yako ya mwisho umeandika "Baba yupo." Yupo vipi? Ningekupigia, lakini najua simu ikilia humo ndani anavyoshtuka tangu ile ya hospitali iliyotuambia habari za Mama. Na nikikupigia ukiwa kazini tunaishia kugombana. Niandikie ukweli. Nipo mbali, sijafa.

Mdogo wako


19 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Marahaba. Sikuiruka, niliisoma mara mbili, maana Baba alisema mara ya kwanza nimeimeza.

Sisi tupo. Bomba la jikoni linavuja, nimelifunga kitambaa, sasa linavuja kupitia kitambaa. Paka kazaa kwenye kabati la mashuka, juu ya shuka pekee jipya lililomo humu ndani. Wodini tumepata matroni mpya ambaye anatembea bila kusikika, na sisi tuliozoea kusinzia wima tumekoma. Barua yako aliileta fundi viatu, kama zote. Sanduku la posta ni lake na sisi ni wapangaji tu humo.

Sasa umetaka ukweli. Kile kiti chake cha kinyozi, cha kuzunguka, tulikileta sebuleni alipofunga duka. Ndicho anachokalia kutwa, amekielekeza ukutani. Hasemi anaumwa. Anakula akibembelezwa. Na amefuga ndevu, mdogo wangu. Unakumbuka alivyokuwa akijisifu kwamba "kinyozi hajinyoi" ni methali ya vinyozi wavivu? Kila asubuhi alijinyoa dirishani, Mama kamshikia kioo, wakibishana kama amesahau chini ya kidevu. Sasa kioo kimetundikwa kwenye msumari na ndevu zimefika pale ambapo angemcheka mteja.

La pili sikutaka kukwambia, lakini basi. Nimepata tena nafasi ya kozi ya uuguzi wa chumba cha upasuaji. Mwaka mmoja, mji mwingine. Ya kwanza niliiacha Mama alipougua, unajua. Jibu linatakiwa kabla Juni haijaisha, na hawatanipa ya tatu. Siwezi kumwacha mtu ambaye hainuki kunawa uso. Akiinuka, nitakwenda. Asipoinuka, nitabaki, na nitakuwa mzee mwenye hasira, na utanijua.

Kwa hiyo nimeanza kuhangaika. Jumamosi nilimgeuzia kiti kielekee dirishani, nikamtilia redio betri mpya, nikampikia mwenyewe badala ya kumwachia sufuria. Nikaenda zamu. Niliporudi nikamkuta amenyoa! Uso mweupe kama sahani, fundi viatu yuko pembeni anamchekesha. Nililia jikoni, nikamsingizia kitunguu. Siku tatu baadaye ndevu zikaanza tena. Niambie wewe msomi, kipi kilimnyoa?

Dada yako


6 Machi

KARATASI YA SEBULENI

Baba, shikamoo. Dada, shikamoo.

Nimerudi kwa jopo na pendekezo lililonyooka: dawati ni sababu, alama ni matokeo. Niliingia kifua mbele. Yule mama wa miwani mbili akasoma, akatikisa kichwa kwa kukubali, nikaanza kufikiria suti ya mahafali. Kisha akauliza nitawapataje watoto wa mbele. Nikasema, si wapo, wamekaa mbele. Akauliza nani kawaweka. Nikasema wamejiweka wenyewe.

Hapo nikaiona suti ikirudi dukani. Mtoto anayejichagulia dawati la mbele, akasema, ni yule yule ambaye angefaulu hata ukimkalisha juu ya paa. Bidii yake ndiyo iliyompeleka mbele, na bidii hiyo hiyo ndiyo inayompa alama. Dawati limesimama karibu tu, linapata sifa ya bure. Kwa hiyo lazima niwapangie mimi, kwa kura, wavivu na wenye bidii wachanganyike.

Mpishi wa bweni aliponiona nimenuna akaniongezea mboga. Nikawaza kama nikifeli zaidi atanipa na nyama. Baba, hilo nalo ni utafiti.

KARATASI YA JIKONI

Dada, nakuheshimu sana, lakini umefanya dhambi ile ile ninayochekewa. Umegeuza vitu vitatu kwa mpigo. Kiti, redio, sufuria. Sasa amenyoa, tutamshukuru nani? Tufanye hivi. Kigeu tegemezi chetu ni ndevu za Baba. Kigeu huru kiwe kimoja kwa wiki, na vingine vyote uviache vilivyo. Wiki ya kwanza dirisha tu. Ya pili redio tu. Na upime. Chukua rula.

Usicheke. Mimi huku sina la kufanya kwa mikono yangu, angalau nifanye kwa yako.

Mdogo wako


2 Aprili

Profesa,

Marahaba. Barua zako zote nimezipata, na ile fupi ya mpishi aliyekupa nyama kweli. Baba aliirudia siku mbili, "akifeli kabisa atapewa na mchuzi wa kuondokea."

Paka amehamisha watoto wake, mmoja mmoja, mpaka ndani ya kofia ya Baba. Hajaidai. Matroni kanikamata nimeegemea friji ya dawa nimefumba macho, nikamwambia nasikiliza kama inanguruma sawa.

Kuhusu rula. Rula sikupata, nikachukua futi ya kushonea ya Mama. Nikangoja asinzie kitini, nikamsogelea kama mwizi wa kuku, nikaiweka kidevuni. Akafumbua jicho moja. "Unanipimia sanda?" Nilitaka ardhi inimeze na futi yangu. Nikamwambia nampimia kola ya shati. "Kola," akasema, "haianzii mdomoni." Akalifumba jicho lake. Tangu hapo sipimi kitu. Tuna majibu mawili tu: amenyoa, hajanyoa. Kama chuo chako hakitaki, kije kimpime chenyewe.

Matokeo ni haya. Wiki ya dirisha: hajanyoa. Amekigeuza kiti kikatazama ukuta tena na kusema jua linamsema vibaya. Wiki ya redio: hajanyoa, ila anajua bei ya mahindi. Wiki ya kupikiwa: hajanyoa, na kaniuliza kama chumvi imepanda bei.

Lakini sikiliza. Kati ya wiki moja na nyingine nimemkuta amenyoa tena, si mara moja. Na kila nikimkuta amenyoa, fundi viatu yupo hapo sebuleni, kakunja miguu, anakunywa chai yangu. Kila mara. Asipokuwepo fundi, hakuna wembe. Nadhani tumepata.

Na mimi je? Hujasema neno juu ya ile kozi yangu. Nilikwambia Juni. Au sheria yenu ni kwamba mtu akiuliza kitu kimoja kwa barua, kingine kiachwe kilivyo?

Dada yako


20 Aprili

Dada, shikamoo.

Haraka haraka. Ni yeye! Ni fundi viatu! Mtu mpweke anahitaji mwenzake, nani hajui hilo, tumezunguka mbuyu bure. Sasa tuthibitishe: mwite fundi kila siku, wiki nzima, mpe chai, mpe chochote. Baba akinyoa kila siku, kazi imekwisha.

Ya sebuleni nitaituma baadaye, nimebanwa kidogo na mambo ya hapa. Msomee salamu zangu.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Leo sina habari za paka.

Barua yako ilifika siku yangu ya mapumziko, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa nyumbani wakati inaingia. Zile nyingine zote nilizikuta mezani nikitoka zamu, zimewekwa chini ya kikombe, zinanisubiri nizisome. Sasa sikiliza nilichokiona kwa macho yangu.

Fundi viatu akasimama getini, akapiga kelele: "Mwenye nyumba, una mgeni!" Mkononi ana bahasha tu. Baba akajibu kutoka kwenye kile kiti, kwa sauti ambayo nilidhani imekufa: "Mkaribishe akae. Sijanyoa." Akainuka mwenyewe. Akachemsha maji mwenyewe. Akakitoa kioo msumarini, akampa fundi viatu amshikie, na fundi anakishika vibaya, na Baba anamgombeza, "juu, juu, wewe unamwonyesha nani, mimi au dari?" Bahasha imeegemezwa kwenye kikombe katikati ya meza, kama mtu. Nikamuuliza fundi pembeni, hii imeanza lini? Akanishangaa. "Tangu barua ya kwanza ya mwaka huu. Anasema mtoto wake hawezi kumkuta na ndevu."

Kisha Baba akakaa, uso umeng'aa, mikono magotini, akaniambia, "Haya, msome."

Nikafungua. Kulikuwa na karatasi moja, na ilikuwa ya jikoni.

Nikajaribu, mdogo wangu. Niliikazia macho ile karatasi inayomsema fundi viatu nikatunga. Nikasema unamsalimu, unasoma kwa bidii, chakula ni kizuri, hali ya hewa ni nzuri, unamwombea afya njema. Baba akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyo si yeye. Yeye hamalizi mstari bila kujicheka." Akakizungusha kiti kikatazama ukuta.

Fundi nilimwita wiki nzima, kama ulivyoagiza. Kanywa chai mpaka ya wageni. Baba hakunyoa hata siku moja, na siku ya nne aliniuliza kama watu wameacha kuvaa viatu.

Sasa nikae kwenye jopo mimi. Fundi viatu ni lile dawati lako. Amesimama karibu tu, akapata sifa ya bure. Na ile Jumamosi ya kwanza ya kiti na redio na sufuria ndiyo siku iliyofika barua ya kufeli kwako, nimeitazama tarehe ya muhuri. Tumegeuza kila kitu humu ndani, bwana mkubwa, isipokuwa wewe. Kigeu huru ni wewe. Ukiandika ananyoa. Usipoandika anafuga. Na zaidi ya barua sijui, maana tangu tuzike hujaja tukajaribu.

Nina hasira, na sitaificha. Umenifanya nimpime Baba ndevu usingizini wakati wewe umekaa juu ya jibu.

Dada yako


8 Juni

Mdogo wangu,

Mwezi wa pili huu unaingia bila barua. Fundi viatu kila akipita anatikisa kichwa getini kabla sijamuuliza.

Fomu ya kozi iko kwenye mkoba wangu. Juzi matroni aliniuliza nikamwambia bado nafikiri. Akasema, bila ukali, kwamba kufikiri nako kuna mwisho.

Sitaki utafiti. Niambie unakuja au huji. Hata ukisema huji nitakuelewa, nitaichana fomu na tutaendelea.

Baba hajambo. Yaani yupo.

Dada yako


15 Juni

KARATASI YA JIKONI, na leo inatangulia

Dada, shikamoo.

Unisamehe. Nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara ilikuwa inachekesha, nikaichana.

Jopo lilinirudisha tena mwezi wa nne. Ndiyo yale "mambo ya hapa." Safari hii nilikuwa nimewapangia watoto madawati kwa kura, vizuri kabisa, halafu nikasahau kwamba darasa la asubuhi lina mwalimu mmoja na la mchana lina mwingine, kwa hiyo haijulikani alama ni za dawati au za mwalimu. Mama wa miwani hakucheka. Ningependa angecheka. Nikaona sina kichekesho cha kumwandikia Baba, na bila kichekesho sijui namwandikiaje. Barua yako ya Mei ilinikuta nimelala mchana. Nikaisoma, nikalala tena.

Lakini hiyo siyo sababu ya kutokuja. Naogopa ile nyumba, Dada. Basi. Naogopa kufungua mlango nisisikie mtu akiuliza kutoka jikoni, "Umevua viatu?" Kila likizo nimejipa kazi: maktaba, mtihani, kiti cha kutengeneza. Kiti bado kimevunjika. Nikajifariji kwamba natuma barua, na barua ni kama mtu. Kumbe Baba aliliamini hilo kuliko mimi.

Mtafiti gani anageuza dirisha, redio, sufuria na fundi viatu wa watu, asijiweke mwenyewe kwenye hesabu? Juzi yule mama alikuwa anatafuta miwani yake ofisi nzima, droo zote zimefunguliwa, na ipo kichwani kwake. Nilikuwa na ujasiri wa kumwonyesha. Miwani yangu mimi, wewe hukuniacha niitafute hata kidogo, ulininyooshea kidole moja kwa moja, na nakushukuru.

Nikamweleza yote, na ya Baba. Akanisikiliza, akauliza: "Hizo shule unazotaka kuchunguza, lazima ziwe za huku?" Nikasema hapana, shule ni shule. "Sasa unalipia bweni la nini?"

Naja. Nitakusanya takwimu zangu kwenye shule zile mbili za huko nyumbani, mwaka mzima. Nitafika tarehe thelathini jioni. Jaza fomu leo, kabla hujamaliza kusoma. Umejaza?

KARATASI YA SEBULENI

Baba, shikamoo.

Ile barua ya salamu na hali ya hewa nzuri haikuwa yangu, ulisikia sawasawa. Yangu hazina adabu kiasi hicho.

Nimefeli mara tatu sasa, na nimeanza kuwa na uzoefu ambao wenzangu waliofaulu hawana. Mlinzi wa jengo ananisalimu kwa cheo. Kwa kuwa nimeshindwa kuwaelewa watoto wa huku, naja kutoelewa wa huko. Nitakuwa nyumbani tarehe thelathini, mimi mwenyewe, si bahasha. Nakoroma, ushahidi upo. Unaweza kukataa sasa.

Mwanao


24 Juni

Profesa,

Marahaba, zote mbili.

Fomu nilijaza wodini nimesimama, kwa haraka mpaka nikakosea tarehe yangu ya kuzaliwa. Matroni akanipa nyingine bila kuuliza.

Sebuleni nilisoma mpaka "ushahidi upo." Baba akacheka. Si sana, kama mtu anayejaribu mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Kisha akauliza ni siku ngapi mpaka thelathini, na akaanza kuunoa wembe. Nikamwambia, Baba, bado sana. Akasema wembe haunolewi siku ya mgeni.

Jikoni nilisoma peke yangu. Nataka tu ujue kwamba hata mimi, nikirudi zamu, bado navua viatu kabla sijaulizwa.

Dada yako


14 Julai

Dada, shikamoo.

Natumaini umefika salama na umepata kitanda cha chini. Huku sisi ni wazima. Bomba nimelitengeneza, sasa halivuji, ila halitoi maji pia. Paka amenichunguza na kuamua kulala kwenye begi langu. Shule zimenikubali. Siku ya kwanza nilipowapanga watoto kwa kura, mmoja aliyetolewa nyuma akauliza, "Mwalimu, tumekosa nini?" Bado natafuta jibu la kisayansi.

Hukuona yaliyotokea ulipoondoka alfajiri ile, kesho yake ya mimi kufika. Nilikuwa nimesimama sebuleni, sijaoga, na uso wangu unaujua baada ya safari, ndevu kila upande. Baba alikuwa ameketi, amenyoa, kama ulivyomwacha. Akaniangalia uso. Akainuka kwenye kile kiti, akakipiga vumbi kwa taulo, akasema, "Kaa." Nikakaa. Akanifunga taulo shingoni kama mteja, akanipaka sabuni, akaninyoa mpaka alipofika chini ya kidevu. Hapo akasimama. "Mama yako," akasema, "kila siku alikuwa ananiambia hapa nimepasahau. Nilikuwa sipasahau. Nilikuwa napaacha, ili aniambie." Nikalia, Dada. Nilisema ni sabuni. Akasema sabuni yake haichomi, na alikuwa analia naye, na wembe uko shingoni mwangu. Sijawahi kutulia namna ile hata mbele ya jopo.

Tangu hapo ananyoa siku nyingine, siku nyingine hanyoi. Nilitegemea mimi mwenyewe nikiwa ndani atanyoa kila siku, lakini nimeshakuwa kama kabati. Sina malalamiko. Anainuka, ananawa, amekigeuza kiti kikatazama mlango, anawagombeza wapita njia kwa vichwa walivyonyolewa na wengine. Utakapoulizwa huko kama umemwacha vizuri, sema ndiyo.

Juzi alinipata jikoni naandika madondoo yangu, akasimama nyuma yangu akisoma. Akauliza ndevu zake zipo ukurasa wa ngapi. Nikajifanya sielewi. "Mtu hapimwi kola mdomoni," akasema, akaondoka na kikombe changu cha chai. Sijui amejua tangu lini. Sitamuuliza.

Nilitaka kuendelea, lakini hivi sasa fundi viatu amepiga kelele getini, "Mwenye nyumba, una mgeni!" Ni bahasha, na mwandiko ni wako. Nimeipapasa, ina karatasi mbili. Imewekwa mezani, imeegemezwa kwenye kikombe, na nimekatazwa kuigusa. Leo ilikuwa siku yake ya kutonyoa. Jikoni maji yanachemka.

Nakomea hapa. Ananiita nimshikie kioo.

Mdogo wako